Namba za Don Eleuterio

Kazi yangu ni kusoma namba.
Daktari Hott hukata, mimi husoma.
Kila dakika mbili mashine huubana mkono wa mgonjwa,
hushusha pumzi, hulegea,
nami hutamka kwa sauti ya chini
kama anayehesabu deni mbele ya mdai.

Leo kitini yuko Don Eleuterio Catrileo,
mchomeleaji mstaafu wa karakana ya meli,
hapa Valdivia, ambako mvua haiulizi ni mwezi gani.
Kofia yake ya sufu ameivua, ameipakata,
ameishika kwa mikono miwili kama kuku wa kuuzwa.

Mia na arobaini na sita kwa themanini na nane.

"Ndiyo kawaida yake," nasema.
"Kawaida yake si kawaida," anajibu daktari.
Vidonge viwili vya presha kila asubuhi;
siku nyingine husahau,
siku nyingine husema amesahau.

Ufizi umefunuliwa kama ukurasa.
Chini yake mfupa, na ndani ya mfupa tundu
lisilozidi punje ya dengu,
ambamo usaha ulipanga miaka mitatu bila kulipa kodi.
Sasa damu inalijaza, ncha ya mzizi haionekani.
"Pamba," anasema,
nami nampa kipira kilicholowa adrenalini.

Ni ileile ambayo mwili hujipikia wenyewe
mbwa wa jirani anapokata mnyororo.
Hufinya mishipa midogo, damu ikarudi ilikotoka.
Lakini ikiponyoka ikaingia mkondoni
hupanda hadi moyoni, ikabisha hodi kwa ngumi.
Kwenye ufizi mlaini mlango uko wazi.
Kwenye mfupa, tulifundishwa, dawa hujifungia nje yenyewe:
mishipa ikishafinywa, itapita wapi?
Tulifundishwa.
Darasani hakukuwa na Don Eleuterio.

Rafuni ipo chupa nyingine, ya chumvi ya chuma,
isiyoujua moyo, iachayo weusi kama masizi.
Mchomeleaji angeitambua.
Daktari aliitazama, akaiacha.

Dakika mbili: mia na arobaini na nane.
Dakika nne: arobaini na saba.
Dakika sita: palepale.

Tundu likakauka, jeupe, tulivu,
kama sahani iliyolambwa.
Nje, kando ya mto, simba-bahari waligombania vichwa vya samaki
wakikohoa kama wazee wa kanisa la baridi.
Mabega yangu yakashuka. Sikujua kwamba yalikuwa yamepanda.

Daktari akawa anashona.
Akauliza, kwa upole tu, ili kujaza kimya:
"Na nani atakuja kukuchukua?"

Hakuweza kujibu, kinywa kilijaa uzi na vidole vyetu.
Macho yakaenda kwenye kofia.
Mashine ikabana.

Mia na themanini na moja.

Daktari akatazama trei.
Pamba nne ziliingia, pamba nne zilitoka, zamani,
nilizihesabu mwenyewe.
Mimi nikaitazama kofia:
imefumwa kwa mkono, safu ya mwisho haikufungwa,
uzi wa bluu unaning'inia
pale mfumaji alipoachia.

"Andika," akasema. "Na sababu."
Fomu ina visanduku: ganzi, dawa ya damu, maumivu, mengineyo.
Kando ya "mengineyo" pana mstari,
mfupi, hautoshi hata jina la mtu.

Nikauweka mkono wangu juu ya wake, chini ya ule mkanda,
nikasema, si kwa sauti ya namba:
"Basi la ishirini hupita kwetu, Don Eleuterio.
Tutashuka pamoja. Mwavuli ninao, mbovu, lakini ninao."

Mashine ikabana, ikashusha pumzi.
Mia na sitini na mbili.
Hiyo sikuisoma kwa sauti.